Kabla Hujanunua Rangi ya Kukinga Moto, Ipime Kama Unavyopima Mvua



Leo siandiki habari za viwavijeshi wala mbolea. Naandika habari za rangi. Najua wapo watakaouliza, bwana shamba na rangi wapi na wapi? Subirini kidogo. Pamba unaipanda mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, unapalilia, unapulizia dawa, unavuna kwa mkono, halafu unaipeleka kwenye ghala lililosimamishwa kwa chuma. Ghala likiungua, ushauri wote niliokupa msimu mzima umegeuka majivu. Kwa hiyo ghala nalo ni kazi yangu.

Niseme msimamo wangu mapema ili usinisome kwa kubahatisha. Rangi ya kukinga moto ya epoksi ni kitu cha kweli, na mahali pake inaokoa maisha. Lakini si kila kopo lililoandikwa epoksi ni rangi ya kukinga moto. Na kwa maghala na fremu nyingi za huku kwetu, rangi hiyo si kitu cha kwanza kununua, wala cha pili. Anayekuambia upake mikono miwili halafu ulale usingizi, mwambie asubiri mpaka umemaliza kusoma hapa.

Yaliyotupata sisi

Kuna chama cha msingi ninachokihudumia ambacho kina ghala la nguzo za chuma, kenchi za chuma na bati. Kamati ilikuwa imetenga fedha za ukarabati. Akaja muuzaji na makopo yake, akaeleza kwamba hiyo ni epoksi ya kukinga moto, makopo manne ya lita 5 yanatosha ghala zima, mikono miwili, kazi imekwisha. Mwenyekiti akanigeukia.

"Bwana shamba, wewe umesoma. Hii kitu tununue?"

Nikajibu, "Mwenyekiti, mimi naona ni jambo zuri."

Hilo lilikuwa kosa langu. Mimi ni mtu wa kilimo, si mhandisi, na nilijibu jambo nisilolijua kwa sababu niliona aibu kunyamaza mbele ya kikao. Kwa kauli yangu wakanunua kopo moja la kuanzia. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza kuuliza mafundi na wahandisi, na kusoma karatasi za watengenezaji. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla sijafungua mdomo.

Chuma hakiungui, lakini kinalegea

Hoja ya kwanza ninayoisikia kijijini ni hii: "Chuma kinaunguaje? Mbao ndiyo inaungua." Ni kweli chuma cha nguzo hakishiki moto kama mbao. Tatizo lake ni jingine. Wazee wa huku Uzinza wanawakumbuka Walongo, wahunzi waliofua majembe. Mhunzi hangoji chuma kiyeyuke ndipo akipinde. Anakiweka kwenye makaa mpaka kinakuwa chekundu, kisha nyundo inafanya kazi. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi joto 1,500, lakini kikifika nyuzi 550 hivi, pale kinapoanza kuwa chekundu kwa mbali, kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Sasa nguzo iliyobeba kenchi na bati ikibaki na nusu ya nguvu, unajua mwenyewe kinachofuata.

Na moto wa jengo haukawii kufika huko. Wataalamu wana kipimo wanachokitumia duniani kote kupimia moto wa majengo kwenye maabara. Kwa kipimo hicho, dakika 5 tu joto linazidi nyuzi 570, dakika 30 linafika kama nyuzi 840, saa moja linafika kama nyuzi 945. Chuma chenyewe huchelewa kidogo kupata joto kuliko hewa inayokizunguka, ila kikiwa chembamba hakichelewi sana. Zile paipu za mraba zenye ukuta wa milimita 2 au 3 tunazojengea fremu na maghala zinapata moto haraka mno. Nguzo nene yenye umbo la H huchelewa zaidi. Ni kama sufuria jembamba la bati na chungu kizito cha udongo juu ya mafiga yaleyale.

Jambo la pili ni kwamba chuma kikipata joto hurefuka. Kenchi ya mita 10 ikipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka kama sentimita 6. Sentimita 6 ni nyingi. Zinasukuma ukuta wa tofali kwenda nje, na ukuta unaweza kumwangukia aliyesimama nje akimwaga maji.

Ndiyo sababu nasema ghala la chuma si salama kwa moto eti kwa kuwa halina mbao. Tena linaweza kuanguka bila kuonyesha dalili ndefu.

Epoksi ni mbili, usizichanganye

Hapa ndipo wengi tunapopigwa.

Epoksi ya kawaida ni rangi ngumu ya sehemu mbili. Kopo moja lina rangi, jingine lina kikausho, unachanganya kwa kipimo kilichoandikwa na unapaka kabla haijaganda. Hii ni rangi nzuri sana dhidi ya kutu, kemikali na maji. Kwa ghala lenye unyevunyevu, kwa tangi, kwa sakafu ya karakana, ni mali. Lakini kwa moto haisaidii kitu. Yenyewe ni plastiki. Ikipata joto inalainika, na moto ukizidi inaungua na kutoa moshi mweusi mzito.

Epoksi ya kukinga moto ni nyingine. Ndani yake wamechanganya kemikali zinazofanya rangi ivimbe inapopata joto la nyuzi 200 na kitu. Inavimba kama andazi kwenye mafuta na kugeuka povu gumu jeusi kama mkaa, na povu hilo linalifunika chuma kama blanketi. Chuma kinaendelea kupata joto, lakini polepole. Rangi hii haizuii moto kuwaka. Inachofanya ni kununua muda: dakika 30, 60, 90 au 120, kulingana na rangi, unene wake na aina ya chuma. Muda huo ni wa watu kutoka na wazimamoto kuingia.

Zipo pia rangi za kuvimba ambazo si epoksi, za maji au za tina, na hizo hutumika zaidi ndani ya majengo makavu. Ya epoksi ni ngumu zaidi na inavumilia mvua, chumvi na mtikisiko, ndiyo maana ilipata jina kwenye mitambo ya mafuta ya baharini. Usiku wa Julai 6, 1988, mtambo wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, ulilipuka na kuwaka moto wa gesi. Watu 167 walikufa, na sehemu kubwa ya mtambo ule wa chuma ilianguka baharini ndani ya saa chache. Tangu hapo wenye mitambo ya namna hiyo wanalichukulia suala la kukinga chuma dhidi ya moto kwa uzito wa pekee. Kwa hiyo rangi hii si hadithi. Ila ilitengenezwa kwa kazi nzito, na bei yake ni ya kazi nzito.

Hesabu ya mvua

Sasa nakupa kipimo ambacho hakihitaji mhandisi. Wale tuliopima mvua pamoja mnakumbuka: mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji kwenye kila mita 1 ya mraba. Rangi ni hivyohivyo. Lita 1 ya rangi ikipakwa unene wa milimita 1 inafunika mita 1 ya mraba, basi. Hakuna muuzaji anayeweza kuibadilisha hesabu hiyo.

Tulirudi ghalani na futi. Nguzo 12, kila moja paipu ya mraba ya sentimita 10 kwa 10, urefu mita 4. Mzunguko wa nguzo ni sentimita 40, yaani mita 0.4. Zidisha kwa urefu wa mita 4, unapata mita za mraba 1.6 kwa nguzo moja. Nguzo 12 ni mita za mraba 19.2. Tukapima na kenchi zote, jumla ikaja kama mita za mraba 60.

Muuzaji alisema lita 20 zinatosha. Gawanya lita 20 kwa mita za mraba 60, unapata milimita 0.33, tena ikiwa mbichi. Ikikauka na tina ikapaa, inabaki pungufu ya hapo. Huo ni unene wa rangi ya kawaida iliyopakwa vizuri. Kwenye karatasi za watengenezaji wa rangi halisi ya epoksi ya kukinga moto, unene wa kinga unahesabiwa kwa milimita, hauhesabiwi kwa mikono ya brashi. Na paipu nyembamba inadai unene mkubwa kuliko nguzo nene, kwa sababu inapata moto haraka.

Chukua mfano wa milimita 3. Kwa ghala letu hizo ni lita 180, kabla hujahesabu inayomwagika na inayobaki kwenye ndoo. Linganisha 180 na 20. Hapo sikuhitaji tena kuuliza mtu.

Jaribio la kipande cha bati

Kwa vile kopo moja lilikuwa limeshanunuliwa, tulilifanyia jaribio. Tulichukua kipande cha chuma chakavu, tukakisugua kwa msasa, tukapaka rangi ile kwa maelekezo ya kwenye kopo, tukaiacha ikauke siku kadhaa. Kisha fundi wa kuchomelea akakipiga moto wa gesi, nje, mahali pa wazi, sisi tukiwa upande unakotoka upepo.

Rangi halisi ya kukinga moto ingevimba na kuwa povu jeusi. Yetu ilibabuka, ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikadondoka. Mwenyekiti akatazama chuma kilichobaki uchi, akasema, "Kumbe tungejipaka mafuta ya taa kwa hela yetu."

Siwezi kumwita muuzaji yule tapeli. Huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Rangi yenyewe ilikuwa epoksi nzuri ya kuzuia kutu, na tukaitumia kwenye milango. Ila angetuuzia amani ambayo haipo, na mtu mwenye amani ya uongo huacha kuweka ndoo za mchanga.

Angalizo: jaribio hili linaumbua rangi ya uongo tu. Rangi ikivimba, haimaanishi itakupa saa nzima. Dakika zinathibitishwa na cheti cha maabara na unene uliopakwa.

Wapi inastahili

Nisieleweke vibaya kwamba naikataa rangi hii. Zipo sehemu ambazo ningekushauri uitafute hata kama ni ghali.

Ya kwanza ni kighorofa cha chuma ndani ya fremu. Wafanyabiashara wengi wa sokoni mnaongeza sakafu ya juu kwa paipu na mbao, chini mali, juu kijana analala kulinda. Moto ukianza chini, nguzo zile nyembamba ndizo zinazombeba yule kijana. Hapa sizungumzii tena mali. Kama huwezi kuzikinga nguzo hizo kwa rangi halisi au kwa njia nyingine nitakayoitaja, basi mtu asilale juu. Nasema wazi, asilale.

Ya pili ni ngazi za chuma zinazotegemewa kutorokea, na jengo lolote la chuma lenye ghorofa.

Ya tatu ni nguzo zinazobeba tangi la mafuta, au zilizo jirani na stoo ya mitungi ya gesi. Moto wa mafuta na gesi hupanda haraka kuliko ule wa kuni, na hapo epoksi ndiyo kwake.

Ya nne ni ghala kubwa linalotunza mazao ya wakulima wengi kwa stakabadhi. Ghala la namna hiyo lisijengwe wala kukarabatiwa bila mhandisi kuulizwa swali la moto.

Kwa ghala la kawaida la chini, lisilo na ghorofa, hesabu ni tofauti. Watu wanaweza kutoka kwa dakika chache kama milango ipo na haijazibwa. Kenchi na bati vinanunuliwa tena. Jambo la kulinda ni watu kutoka, moto usihamie kwa jirani, na nguzo na kuta zisiwaangukie watu. Hayo yote yana njia za bei nafuu.

Kinga za bei ya kijijini

1. *Fungia nguzo kwa tofali au zege.* Nguzo ya chuma iliyozungushiwa tofali za kuchoma na kupigwa lipu, au iliyomiminiwa zege ya sentimita 5 kila upande juu ya wavu wa chuma, inapata kinga ya saa moja au zaidi. Tofali tunachoma wenyewe, mchanga upo, fundi yupo. Kenchi huwezi kuzifungia hivi, lakini nguzo unaweza, na nguzo ndiyo inayobeba vyote. Piga kwanza rangi ya kuzuia kutu, maana chuma kilichofichwa huoza bila kuonekana.

2. *Ukijaza zege ndani ya paipu, acha matundu.* Mafundi wengine hujaza zege ndani ya nguzo ya paipu. Husaidia, lakini zege ina maji ndani yake, na moto ukija maji yanakuwa mvuke. Bila tundu la kutokea mvuke juu na chini, nguzo inaweza kupasuka. Toboa matundu, na usiyazibe kwa rangi.

3. *Acha nafasi.* Lundo la pamba lisifike kwenye kenchi. Acha angalau mita 1 juu na njia ya kupita pembeni. Gawa mzigo mafungu mafungu badala ya mlima mmoja. Moto wa fungu moja unaweza kuuwahi, ule wa mlima mzima huuwezi.

4. *Ondoa kinachowasha.* Nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, na swichi kuu iwe nje ya ghala. Pikipiki isilale kwenye pamba. Petroli ya chupa isikae dirishani. Betri za sola zisiwekwe juu ya magunia. Matambara yenye mafuta yasitupwe kwenye pamba. Fundi wa kuchomelea asifanye kazi mzigo ukiwa ndani, na akimaliza mtu abaki akitazama kwa saa moja nzima, kwa sababu cheche hujificha.

5. *Chunga moto wa shambani.* Baada ya mavuno tunawaambia mng'oe na kuchoma masalia ya pamba ili kuua wadudu. Miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, na ndiyo miezi ghala lina mzigo. Fyeka na kufagia ukanda wa mita kadhaa kuzunguka ghala, na usichome siku ya upepo.

6. *Jua tabia ya pamba.* Moto wa pamba huingia ndani na kufuka kimyakimya. Mtungi wa unga unaua ndimi za juu, halafu baada ya saa kadhaa unawaka tena. Robota au gunia lililoshika moto litolewe nje, lipasuliwe, limwagiwe maji, na likae mbali na ghala likichungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo pamoja na mitungi, weka tangi la maji na ndoo.

7. *Milango miwili.* Na ufunguo wa mlango wa pili usikae kwa mwenyekiti nyumbani.

8. *Namba 114.* Hiyo ndiyo namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Iandike kwa rangi kubwa ukutani. Waite pia kabla ya moto, waje wakague na kutoa ushauri, ni kazi yao kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007.

Ukiamua kununua, uliza haya

Kama jengo lako ni kati ya yale manne niliyoyataja, nenda na mhandisi aliyesajiliwa, na muulizeni muuzaji maswali haya kabla fedha haijatoka mfukoni:

- Je, rangi hii inavimba kwenye moto, na cheti cha maabara kiko wapi?
- Cheti kinasema dakika ngapi, kwa chuma cha ukubwa gani, kwa unene gani? Akijibu dakika bila unene, hajajibu.
- Kwa nguzo zangu hizi zinahitajika lita ngapi? Fanya hesabu ya mvua uone kama jibu linaingia akilini.
- Inapakwa juu ya rangi gani ya chini? Chuma chenye kutu, grisi au rangi ya zamani ya mafuta hakishiki kinga. Ikivimba itaanguka yote kama ganda la yai. Bati na paipu zilizopakwa zinki zinahitaji rangi yake ya chini.
- Nani atapaka, na atapima unene kwa kifaa gani? Fundi asiye na kipima unene anapaka rangi ya urembo.
- Imetengenezwa lini, na mwisho wake wa matumizi ni lini?

Ikishapakwa, kumbuka kwamba rangi hii inahitaji nafasi ya kuvimba. Ukiegemeza magunia kwenye nguzo au kuibana kwa mbao, umeifunga mikono. Ikibanduliwa na toroli, ibandike tena haraka. Na usiipake rangi nyingine juu yake bila kumuuliza mtengenezaji.

Kwa wanaonipinga

Mzee mmoja wa kamati aliniambia, "Bwana shamba, kitu kidogo si bora kuliko hakuna?" Kwenye mbolea ningekubali, nusu mfuko ni bora kuliko sifuri. Kwenye moto, rangi isiyovimba ni sifuri iliyolipiwa. Fedha ile ingetosha kufungia nguzo kwa tofali na kununua mitungi.

Mwingine akasema moto ni mipango ya Mungu. Mimi pia ni mtu wa imani. Lakini usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliwaka, na Januari 16, 2022 likafuata Soko la Karume, palepale Dar es Salaam, mjini, kwenye makao ya kila kitu. Nairobi, soko la Gikomba limeungua mara nyingi, na alfajiri ya Juni 28, 2018 lilichukua roho za watu 15. Kama mjini imekuwa hivyo, sisi ambao soko letu limebanana fremu kwa fremu tunangoja nini? Mungu ametupa mchanga, tofali na akili ya kuhesabu.

Wa tatu alisema tukate bima yatosha. Bima kateni, naunga mkono. Ila someni masharti, maana bima inaweza kudai mitungi, nyaya salama na njia za kutokea. Na bima inalipa pamba, haimrudishi kijana aliyekuwa analala juu.

Tulipofikia

Kamati ile ilibadilisha uamuzi. Nguzo sita za upande wa milango zimeshazungushiwa tofali, sita zilizobaki zinasubiri fedha za msimu ujao. Mlango wa pili umefunguliwa. Swichi imehamishiwa nje. Kenchi hazina kinga yoyote ya moto, na tumewaambia wanachama hivyo kwenye mkutano bila kuwaficha, ndiyo maana kuna mstari mwekundu ukutani ambao lundo la pamba haliruhusiwi kuuvuka. Na mimi nimejifunza kusema "sijui, naenda kuuliza" mbele ya kikao. Si aibu.

Kazi yako wiki hii ni ndogo. Chukua futi, pima nguzo za ghala au fremu yako, andika idadi na mzunguko wake. Angalia nani analala juu ya nini. Kisha ndipo tuzungumze habari za kununua rangi.

Tahadhari kabla ya hatari. Nawatakia mauzo mema, tuonane ghalani.